Kamba ya Mita 83

Maneno haya niliyasema mbele ya madereva, wazazi na walimu katika ukumbi wa shule moja Ngamiani, Tanga. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na pale karatasi ziliponitupa, nimewauliza waliokuwepo.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa stendi ya Kange, wa daladala, wa bajaji na wa bodaboda, hamjambo? Maafande wa usalama barabarani, asanteni kwa kuitika mwaliko, na asanteni zaidi kwa kukubali kukaa mbele, maana leo tutaambiana. Mwalimu mkuu, itifaki imezingatiwa.

Mnaona nimekuja na kamba. Ni ya katani, ya hapa hapa kwetu, na nimeifunga mafundo manne kwa kitambaa chekundu. Tutaifikia.

Nimeendesha basi miaka 26, nyingi kati ya hizo Tanga na Dar es Salaam. Sasa nimeacha usukani, nafundisha vijana udereva. Sikuja hapa kujitakasa. Nimekimbiza gari, nimepigwa tochi, kile kipima mwendo cha askari, nimelipa, na mara nyingine nimekimbiza wala sikupigwa. Kutokana na hayo yote nina neno moja: adhabu yetu ya mwendokasi haipimi hatari. Inapima kama umekamatwa au hukukamatwa, basi. Na kwa kuwa haipimi hatari, inamwonea huyu, inamwachia yule, na watoto wanaendelea kugongwa.

Nianze na karatasi mbili.

Siku hiyo nilikuwa natoka Segera kuja Tanga na abiria wachache. Njiani palikuwa na kibao cha kilomita 50 kwa saa kilichomezwa na majani, ukikiona umeshakipita. Kulia mkonge, kushoto mkonge, nyumba hakuna, mtu hakuna. Nikasimamishwa. Tochi ilisoma 58. Sikubisha, kwa sababu 58 siyo 50. Nikiwa nasubiri kuandikiwa, likaja gari dogo jeupe, la mtu mwenye uwezo wake, nalo likasimamishwa. Tochi ilisoma 121. Tukasimama wawili ubavuni mwa gari lake, kila mmoja na karatasi yake mkononi, nikachungulia ya kwake na yeye akachungulia ya kwangu. Yangu 30,000. Yake 30,000.

Yule bwana alitoa simu, akalipa pale pale, akaniambia, "Safari njema, kaka," kwa adabu kabisa. Sina kinyongo naye mpaka leo. Ila alipofika kwenye kona tulisikia injini ikiguruma, akakanyaga upya kama hakuna kilichotokea. Na kweli kwake hakikutokea kitu. Shilingi 30,000 kwa gari lile ni kama lita kumi za mafuta. Kwangu ilikuwa posho ya safari mbili, na jioni ile konda wangu ndiye aliyenipa nauli ya kufika nyumbani.

Askari yule hakukosea. Kanuni ndiyo iliyomwambia aandike vile: kosa moja, bei moja. Amezidisha 8, amezidisha 71, bei ni ile ile. Nendeni sokoni mkamwambie muuza samaki kwamba changu mmoja na papa mzima ni bei moja, muone atakavyowatazama.

Sasa niwape siku ya pili, ambayo ni nzito zaidi kwangu.

Ilikuwa asubuhi, Mkanyageni. Nilikuwa nimechelewa kutoka, na simu ya tajiri, mwenye basi, ilikuwa imeshalia mara mbili: "Uko wapi? Mwenzako ameshapita." Pale pana nyumba, pana genge, ni mahali pa 50 bila ubishi. Mimi nilikuwa karibu na 80. Mbele yangu akachomoza binti wa miaka kama kumi juu ya baiskeli iliyomzidi kimo, anakanyaga kwa kusimama kwa sababu kwenye kiti hafiki. Kwenye kerea amefunga kidumu cha mafuta ya kula. Nilifunga breki nikasikia abiria wote nyuma wakimtaja Mungu. Basi likaserereka. Binti akaruka, baiskeli ikabaki, tairi langu la mbele likapanda juu ya kidumu, kikapasuka.

Nilishuka miguu ikinitetemeka. Binti alikuwa amesimama pembeni, mzima, hata mchubuko hana. Hakulia. Aliyaangalia mafuta yanavyotambaa kwenye lami, kisha akaniuliza, "Baba, mama nikamwambie nini?"

Nilimpa hela ya mafuta. Nikapanda basi, nikaondoka. Siku ile hakuna tochi iliyonipiga wala karatasi iliyoandikwa. Katika miaka yangu yote 26 hiyo ndiyo siku niliyokuwa hatari kuliko siku nyingine yoyote, nami sikulipa serikali hata shilingi. Siku niliyokuwa 58 kwenye mkonge, nililipa.

Sasa kamba. Wewe kijana wa shati la bluu, njoo ushike mwisho huu, usimame pale ukutani. Na wewe dada, chukua huu mwingine uende nao polepole kuelekea mlangoni. Haya.

Dereva mzima, asiye na usingizi, macho yako barabarani, simu hana mkononi, anahitaji kama sekunde moja tangu aone mtoto mpaka mguu ugandamize breki. Gari la mwendo wa 50 linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Simama hapo, dada. Hilo ndilo fundo la kwanza, mita 14. Mpaka hapo gari halijapunguza chochote, dereva ndiyo kwanza anaigusa breki. Tazameni liko wapi. Liko safu ya tano kutoka mlangoni.

Endelea. Fundo la pili ni mita 28. Hapo gari la mwendo wa 50 limesimama kabisa, kama lami ni kavu, matairi mazima na breki nzima. Ukumbi huu nimeupima asubuhi, una mita 19. Kwa hiyo fundo la pili liko nje, dada yetu anatuchungulia kutoka barazani. Hiyo ndiyo 50, mwendo ambao sisi madereva tunauita wa kinyonga.

Fundo la tatu ni la mwendo wa 80, mita 57. La nne ni la 100, mita 83. Yote mawili bado yako kwenye rundo pale barazani. Na hizi ni hesabu za gari dogo. Basi lililojaa, au lori lenye tani za saruji mgongoni, linahitaji zaidi.

Kuna jambo lililonifanya nirudie hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Chukua magari mawili, moja lina 50, jingine 65. Madereva wamemwona mtoto kwa wakati mmoja, wamefunga breki sawasawa. Pale kwenye fundo la pili, ambapo gari la 50 limesimama na dereva anavuta pumzi, lile la 65 bado linakwenda 50. Sikukosea kusema. Bado lina 50 kamili, na mtoto yuko pale. La 60 lingekuwa bado lina karibu 40. La 80, ambalo ndilo nilikuwa mimi Mkanyageni, lingepita pale likiwa na zaidi ya 70. Yule binti hakuokolewa na breki zangu. Aliruka.

Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari huongezeka mara nne na nusu mwendo ukitoka 50 kwenda 65. Mara nne na nusu, kwa tofauti ambayo wewe dereva ndani ya gari huihisi hata kidogo. Linasema pia kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, ajali za kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Kila mwaka barabara zinaua watu kama milioni 1.19 duniani, na kuanzia umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Wazazi mliopo hapa, huo ni umri wa watoto wenu wote walioko kwenye madarasa haya, na wa kaka zao walioko kwenye bodaboda pale nje.

Na mkoa wetu tunaujua. Februari 2023 pale Magira Gereza, Korogwe, Coaster iliyobeba waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro iligongana na Fuso usiku. Walikuwa wanasindikiza maiti, wakawa wao maiti. Wengi wenu hapa mna ndugu njia ile ya Segera, Michungwani, Kabuku, Mkata, na simu ikilia usiku mnaogopa kuipokea.

Kwa hiyo narudi nyuma kidogo kwenye lile lalamiko langu la 58, nilipunguze. Kama ile 58 ningekuwa nayo mbele ya geti la shule hii saa moja asubuhi, isingekuwa kosa dogo hata kidogo. Kwenye mkonge usio na mtu, ni dogo. Kinachoamua ni kiasi ulichozidisha na mahali ulipozidishia. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inajua jambo hili nusu: inaweka 50 penye makazi, inaweka 80 kwa mabasi na magari mazito. Imepima mwendo vizuri. Ni bei ya kuuvunja ndiyo haikupimwa.

Wapo wanaosema dawa ni kupandisha faini. Iwe laki tatu, waone! Nawaelewa, hasa waliozika. Lakini nimekaa barabarani miaka mingi, acheni niseme kinachotokea. Faini ikiwa 30,000, wapo wanaomalizana kwa kidogo, hela ya maji, hela ya chai. Maafande mnajua, na najua wengi wenu hamfanyi hivyo, lakini wapo. Ukiipandisha faini mpaka laki tatu na njia ya kukamata ikabaki ile ile, mtu mmoja kichakani na tochi, mtu mmoja kwenye usukani, hakuna wa tatu, basi ulichopandisha ni bei ya kumalizana. Serikali haitaiona ile laki tatu, na dereva atakanyaga zaidi ili airudishe.

Ninyi wenyewe madereva mnajua kinachotupunguzia mwendo. Ni kujua tutakamatwa. Tunapigiana taa. Mwenzako anatoka huko mbele anakuwashia mara mbili, unashusha mpaka 50, unapita pale kama bibi harusi, ukishapita unapandisha. Nilifanya hivyo miaka 26. Nilimpigia taa kila mwenzangu kumwonya kuhusu tochi. Sikumbuki hata mara moja niliyompigia mwenzangu taa kumwambia mbele watoto wanatoka shule.

Ndiyo maana nataka tupimwe kwa mwendo wa wastani, kutoka kituo hadi kituo, siyo pale tu tochi ilipokaa. Kwa mabasi hilo linawezekana kesho asubuhi. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ina mfumo wa VTS unaoonyesha basi liko wapi na lina kasi gani, na kuna kitufe cha kumtambua dereva aliyeko kwenye usukani. Habari zote zipo. Habari hizo hazimwogopi mtu, hazina shida ya chai, na hazijifichi nyuma ya mwembe.

Sasa suala la mfuko wa mtu. Kuna nchi ya Ufini, kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambako tangu mwaka 1921 kuna faini inayohesabiwa kwa kipato cha siku cha mkosaji. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa kampuni kubwa ya simu alipigwa faini ya Euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki yake mwendo wa 75 mahali pa 50. Mwaka 2023 tajiri mwingine wa huko, wa visiwa vya Åland, alikutwa na 82 mahali pa 50, akalipa Euro 121,000. Ninaona mnacheka, kaka yangu pale nyuma anapiga hesabu ya kubadilisha fedha. Lakini fikirini: huko tajiri akikanyaga, inamuuma kama inavyomuuma dereva wa lori. Kwetu, yule bwana wa gari jeupe na mimi tuliandikiwa sawa, tukaumia tofauti.

Je, tunaweza kuiga? Moja kwa moja, hapana. Ufini mshahara wa mtu unajulikana. Hapa, kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kila jioni kwa mwenye pikipiki, karatasi ya mshahara ataitoa wapi? Wengi wetu kipato chetu hakijaandikwa popote. Tukisema kila mtu aulizwe anapata kiasi gani, wenye pesa ndio watakaokuwa wa kwanza kusema hawana.

Ila tayari tumeshaanza kupima kwa njia nyingine, pengine bila kuiita hivyo. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 serikali ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Ilikubali kwamba bodaboda na lori si mizani moja. Nilifurahi, na vijana wangu walifurahi zaidi. Lakini nusu moja ya kazi ilibaki. Leo kijana akipita mbele ya geti la shule hii na pikipiki mwendo wa 90, ni 10,000. Akipita mwendo wa 55, ni 10,000. Tumemwonea huruma mfukoni, vizuri, ila yule mtoto anayevuka hatukumfikiria.

Basi ninachoomba kiwe hivi, na wenye mamlaka mliopo mnipelekee. Chombo kipimwe kwa aina yake kama tulivyoanza, na ndani ya kila aina kosa lipande ngazi. Aliyezidisha kidogo mahali pasipo watu, mara ya kwanza, aonywe na aandikwe jina. Onyo lililoandikwa linakaa, mara ya pili halitakuwa onyo tena. Anayeendelea kuzidisha alipe zaidi, na ngazi ziwe karibu karibu ili 60 na 65 zisiwe kitu kimoja, maana kamba imetuonyesha si kitu kimoja. Na mbele ya shule, sokoni, zahanati, kila ngazi iwe mara mbili. Mbele ya mageti ya shule ningependa mwendo wenyewe uwe 30. Mawaziri wa nchi mbalimbali walipokutana Stockholm Februari 2020 walipendekeza hiyo hiyo 30 mahali ambapo magari na watu wanachanganyika. Tanga yetu hii, mji wa baiskeli, ambapo mama mtu mzima anatoka sokoni na kapu kwenye kerea na kanga ameitupia begani, ni mahali gani panapochanganyika kuliko hapa?

Kisha juu kabisa ya ngazi, pesa ziishe. Mtu wa 121 mahali pa 50 msimuulize habari ya pesa. Muulizeni leseni. Uingereza kosa la mwendo linakuwekea pointi zisizopungua 3 kwenye leseni, na ukifikisha 12 ndani ya miaka mitatu unapoteza haki ya kuendesha. Leseni ndicho kitu pekee ambacho bwana yule na mimi tunacho sawasawa. Mwenye magari kumi na asiye na baiskeli, kila mmoja ana leseni moja.

Na kuna nchi nyingine ndogo, Estonia, iliyojaribu jambo mwaka 2019 lililonipendeza sana. Aliyekamatwa alipewa kuchagua: lipa faini, au paki gari hapo kando ukae. Dakika 45 kwa aliyezidisha kidogo, saa nzima kwa aliyezidisha zaidi. Ulikuwa na haraka? Basi haraka yako ndiyo tunayoichukua. Dakika za maskini na dakika za tajiri zina urefu mmoja. Kwa gari binafsi na bodaboda ningelijaribu hapa hapa kati ya Pongwe na Muheza. Kwa basi sitaki, kwa sababu abiria hakukosa, na mama mwenye mgonjwa hospitali ya Bombo hawezi kukalishwa juani kwa kosa langu.

Nimefika kwa tajiri. Wamiliki mliopo, nawaheshimu, nyie ndio mlionilisha. Lakini wazee husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu wa tochi unakata mbele tu. Ile asubuhi ya Mkanyageni mguu uliokuwa kwenye mafuta ulikuwa wangu, na sitamtupia mtu mwingine. Ila sauti iliyokuwa sikioni haikuwa yangu. Ratiba iliyobana hakuipanga dereva. Hesabu ya jioni hakuipanga dereva. Na karatasi ikiandikwa, jina ni la dereva, na inatoka kwenye posho yake, na keshokutwa akikataa kukimbia kuna deiwaka kumi, madereva wa kibarua cha siku, pale Kange wanasubiri kiti chake. Kama gari lile lile linaonekana kwenye VTS likizidisha wiki baada ya wiki, mikononi mwa madereva watatu tofauti, ugonjwa hauko kwa madereva watatu. Leseni ya njia ya gari hilo isimamishwe siku kadhaa. Siku mbili tu la kwanza, siku saba la pili. Hapo simu za "uko wapi" zitapungua zenyewe.

Tena mkataba wa ajira uwe wa maandishi. Mnakumbuka Aprili 2015 tulivyogoma nchi nzima, stendi zote kimya? Mikataba ilikuwa moja ya madai yetu. Dai jingine lilikuwa hatutaki kulazimishwa kurudi darasani kila leseni inapoisha, tena kwa pesa zetu. Nami niligoma. Leo nasema kwenye mikataba tulikuwa sahihi, na kwenye darasa tulikuwa sahihi nusu: gharama lilikuwa lalamiko la haki, darasa lenyewe tulilihitaji. Mimi niliijua barabara nzima kutoka hapa mpaka Ubungo, kila tuta na kila rasta, na sikuwa nimewahi kuambiwa hesabu ya kamba hii. Niliijua nilipoanza kufundisha, nikiwa nimeshaacha basi. Uingereza mwenye kosa dogo la mwendo huweza kupewa nafasi ya kuhudhuria darasa badala ya faini na pointi. Nataka na huku. Mtu akae saa tatu nne, avute kamba kama tulivyoivuta, aitembelee wodi ya mifupa kama wataruhusu. Na darasa hilo lilipwe na faini za wale wa ngazi za juu.

Maafande, upande wenu nina ombi moja la haki, na nimelisema kwenu uso kwa uso kwa sababu mmekuja. Vibao. Kibao cha 50 kikianza, kionekane, majani yafyekwe. Na 50 ikiisha, pawe na kibao cha kuisha. Yako maeneo ya 50 yanayoendelea kilomita nzima baada ya nyumba ya mwisho, na dereva akishaona anadanganywa pale, anaanza kudhani anadanganywa na penye shule. Kijiji cha kilomita mbili ukikipita kwa 50 badala ya 80 unapoteza sekunde 54. Hakuna dereva mwenye akili atakayegombana na sekunde 54 kama anaona wazi zinamlinda nani. Tena tochi muihamishe kutoka kwenye mteremko usio na watu muilete kwenye vivuko saa ya shule kufunguliwa na kufungwa. Kaeni mnapoonekana. Mkionekana mkatufanya tupunguze bila kuandika hata karatasi moja, asubuhi hiyo mmefanya kazi, hata kama kitabu cha risiti kimerudi kitupu. Na wakubwa wenu wasiwaulize mmekusanya kiasi gani. Wawaulize mtaani kwenu wamegongwa wangapi.

Kuna mama ameniletea kikaratasi hapa anauliza: mtoto wake aligongwa, dereva alilipa, na yeye hakuambiwa hata kilichoamuliwa. Mama yangu, pole sana. Umegusa jambo ambalo sikuliandika, na nilipaswa kuliandika. Faini inakwenda serikalini, dereva anakwenda zake, na aliyeumizwa anabaki na picha za mifupa na deni la dawa. Sehemu ya fedha za makosa haya irudi pale pale barabara ilipoumiza: kivuko, tuta, taa, na mfuko wa matibabu wa waliogongwa. Tukimaliza naomba unisubiri nje tuzungumze, na afande huyu atakuwepo, ameitikia kwa kichwa.

Sitawachosha. Dada yetu yuko barazani na fundo la pili, jua linampiga. Rundo lililobaki lina mafundo mawili na hayatoshi humu ndani. Naomba vijana wanne wa bodaboda watangulie, wasimamishe magari pande zote mbili kwa dakika chache, maafande watatusaidia. Kijana wa bluu atasimama pale kwenye kivuko cha wanafunzi. Sisi tutaitembeza kamba kuelekea wanakotokea magari, mpaka fundo la mita 57, tusimame. Halafu mpaka la mita 83. Nataka kila dereva akifika kwenye fundo lake ageuke, aangalie nyuma alipo yule mtoto. Mwalimu, fungua milango yote miwili. Twendeni.